Uzoefu wangu wa kupiga picha ya matiti: hakuna aliyeniambia nisijipake kitu

Si desturi yangu kulalamika hadharani, na kwa muda mrefu nimeamini kwamba wahudumu wa afya wanahitaji subira yetu kuliko lawama zetu. Lakini yaliyonipata wiki kadhaa zilizopita nilipokwenda kupiga picha ya matiti, yaani eksirei ya kuchunguza saratani, bado yamenikaa kooni, na kila nikiyakumbuka hasira hunipanda upya.

Nilipopiga simu kuomba miadi, mhudumu wa mapokezi aliniuliza jina, umri na siku ninayoitaka, akaniambia nifike robo saa mapema, kisha akakata simu. Hayo ndiyo maelekezo yote niliyopewa. Asubuhi ya siku yenyewe nilioga vizuri, nikajipaka losheni mwilini na deodoranti kwapani, nikavaa gauni refu la heshima, kwa sababu nilijua nitaguswa na mtu nisiyemfahamu na sikutaka anikute katika hali isiyo ya unadhifu. Sidhani kama kuna mwanamke ambaye angefanya vinginevyo.

Kabla sijavua nguo, mtaalamu wa eksirei aliniuliza kama nilikuwa nimejipaka chochote kwapani au kifuani. Nilipokubali, alinieleza kwa utulivu kwamba deodoranti nyingi huwa na alumini, na kwamba chembe zake, kama zile za baadhi ya poda na krimu, huweza kutokea kwenye picha kama vidoa vyeupe vinavyofanana na chembe za kalsiamu. Chembe hizo za kalsiamu mara nyingi hazina madhara, lakini madaktari huzitafuta kwa makini kwa kuwa wakati mwingine ndizo dalili ya mwanzo ya saratani. Kwa maneno mengine, kitu nilichojipaka kwa ajili ya usafi kingeweza kunirudisha kwenye mashine kupigwa picha upya, na kuniachia siku kadhaa za hofu isiyo na sababu. Akanituma mapokezi nikaombe sabuni na taulo.

Hapo ndipo yalipotokea niliyoyajia hapa. Mhudumu yule, ambaye sauti yake niliitambua mara moja kuwa ndiyo iliyopokea simu yangu, alinijibu kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima: "Mama, mtu mzima kabisa, unakuja kupimwa matiti na deodoranti kwapani? Kwani hukuuliza?" Watu waliokuwa wamekaa kwenye viti waligeuka kunitazama. Nilimkumbusha kwamba ni yeye niliyezungumza naye kwenye simu. Akasema kwamba kazi yake ni kupanga miadi, si kufundisha watu, na kwamba nafasi yangu imekwisha kupita, hivyo nipange siku nyingine.

Ningeulizaje jambo ambalo sikujua kwamba lipo? Nilikuwa nimeahirisha kipimo hiki kwa miezi mingi kwa woga, na siku niliyopata ujasiri wa kwenda ndiyo siku niliyoaibishwa mbele za watu. Nilikwisha kuchukua mkoba wangu ili niondoke, na nasema kweli kwamba kama ningevuka ule mlango nisingerudi tena.

Aliyenizuia ni yule mtaalamu, ambaye alitoka chumbani, akanishika mkono, akanipeleka mwenyewe kwenye sinki. Kujiosha hakukuchukua hata dakika tano. Kisha akapiga picha mbili kwa kila titi, moja kutoka juu na nyingine kwa mshazari kutoka ubavuni, akinieleza kila mara kabla ya kulibana titi kwa mashine. Kubanwa kulidumu sekunde chache tu, ingawa kuliuma kuliko nilivyotarajia. Aliponiuliza kuhusu hedhi nikamwambia iko karibu, akasema wiki inayofuata baada ya hedhi ndiyo nzuri zaidi, kwa kuwa matiti huwa hayana maumivu mengi. Gauni nalo lilinilazimisha kuvua karibu kila kitu, wakati blauzi na sketi zingeniachia stara. Hata picha zangu za miaka iliyopita, ambazo daktari wa radiolojia huzilinganisha na mpya ili aone kama kuna kilichobadilika, nilikuwa nimeziacha nyumbani. Mambo manne, na yote yangeweza kuelezwa kwenye simu ile ile kwa muda usiozidi dakika moja.

Nilikuwa nimeazimia kuandika kwamba mtu yeyote asikanyage katika kituo kile. Siwezi kuandika hivyo kwa haki, maana sijawahi kuhudumiwa kwa upole na umakini kama ule niliopata ndani ya chumba cha mashine, na mwanamke atakayefika mikononi mwa mtaalamu yule atakuwa salama. Kwa siku kadhaa hata nilijiambia kwamba huenda mhudumu wa mapokezi alikuwa amechoka tu.

Juzi nilipeleka picha zangu za zamani. Alizipokea yeye yule bila kuniangalia usoni. Nilipomwuliza kwa adabu kama sasa anawaeleza wanaopiga simu wasijipake chochote siku ya kipimo, alisema hajapewa maagizo hayo, kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu.