Kuhamisha santuri na kaseti za bendi zetu kwenye faili: huduma niliyoitumia Kariakoo

Kama una santuri ndogo za NUTA Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz au Morogoro Jazz zimelala kabatini, Kariakoo kuna mafundi wa kuzihamishia kwenye kompyuta. Huduma niliyoitumia mimi naipa alama ya juu kwa santuri na alama ya wastani kwa kaseti. Ile nyongeza yao ya "kusafisha sauti" ikatae kabisa, hata ukipewa bure.

Kabla hujatoa hela, angalia kwanza kama wimbo wako umeshatolewa upya. Kampuni ya muziki ya Sterns imetoa albamu nzima ya Western Jazz, na wenzao Buda Musique wa Ufaransa wana mfululizo wa Zanzibara wenye bendi nyingi za Dar. Ukiukuta humo, nunua, kwa sababu santuri iliyochakazwa baa haiwezi kushindana na toleo lililoandaliwa vizuri. Shida ni kwamba nyimbo nyingi hazimo popote. Zamani bendi nyingi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zilikwenda kufyatuliwa Nairobi kwa kuwa hapa hapakuwa na kiwanda. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo ikabanwa. Ndiyo maana muziki wa miaka ya 60 na mwanzo wa 70 utaupata kwenye santuri, ila Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, watu wengi wanayo kwenye kaseti walizojirekodia kutoka redioni. Mwenye mkusanyiko wa maana atahitaji kuhamisha vyote viwili.

Nianze na santuri. Wanaziosha kabla ya kupiga, na hilo limenifurahisha sana. Vumbi la Dar likikutana na unyevunyevu wa pwani huganda ndani ya mfereji, ule mstari mwembamba ambamo sindano hupita, na kitambaa kikavu hulisogeza tu. Wanatumia maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari, tone moja la sabuni ya vyombo, na brashi laini inayofuata mzunguko wa mfereji. Kisha wanasuuza kwa maji yaleyale na kuisimamisha santuri mpaka ikauke. Lebo hufunikwa ili isilowe. Ukitaka kuosha mwenyewe nyumbani, soma chupa vizuri: maji ya betri na tindikali ya betri huuzwa duka moja.

Sindano wanazo mbili, ya mikroni 18 na ya mikroni 25 (mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Santuri nyingi za bendi zetu za kipindi kile ni mono, yaani kushoto na kulia ni sauti ileile, na mfereji wake ni mpana. Sindano nyembamba huzama mpaka chini, inasugua uchafu uliolala sakafuni. Ile nene hukaa juu zaidi, kwenye kuta. Lakini kama santuri imepigwa miaka na miaka kwa sindano nene, kuta hizo ndizo zilizolika, na hapo ile nyembamba inaweza kukuta sehemu ambayo bado ni nzima. Kwa hiyo mwambie fundi azijaribu zote mbili kwenye sekunde 20 za mwisho za upande, karibu na lebo. Huko mfereji hupita chini ya sindano polepole kuliko ukingoni, na uchakavu husikika wazi. Silabi zenye "s" na "sh" zikikwaruza, abadilishe sindano. Baada ya hapo achanganye chaneli mbili ziwe moja. Sehemu ya kelele zinazotokana na sindano kurukaruka juu na chini hufutana yenyewe, na muziki haupungui chochote.

Angalia pia tundu la katikati. Santuri za mizunguko 45 zenye tundu kubwa hupigwa kwa kuweka kipande cha plastiki katikati. Kikilegea hata kidogo, santuri inazunguka upande, na sauti inapanda na kushuka kila sekunde 1.3, yaani kila mzunguko mmoja. Saksafoni ikishika noti ndefu utaisikia ikiyumba. Kulirekebisha baadaye kwa programu ni kazi ngumu. Dawa ni kuisogeza santuri kwa kidole mpaka mkono wa sindano uache kucheza kushoto na kulia, halafu kuanza upya. Fundi alifanya hivyo bila kuambiwa.

Nyimbo ndefu ziligawanywa, sehemu ya 1 upande wa kwanza na sehemu ya 2 upande wa pili. Mara nyingi sauti hushushwa taratibu mwishoni mwa upande wa kwanza. Wao wanaziunganisha wimbo uwe mmoja, ila mimi naomba nipewe pande mbili kama zilivyo. Kuunganisha unaweza kufanya mwenyewe wakati wowote, lakini kilichokatwa hakirudi.

Kwenye kaseti ndiko nilikolalamika. Deki yao ni nzima, hedi (kile kichwa kinachosoma mkanda) imesafishwa, lakini fundi huiacha hedi katika mkao uleule kwa kaseti zote. Kila redio kaseti iliyorekodi miaka ile ilikuwa na hedi iliyoinama kivyake, na deki isipofuata mwinamo huo, sauti za juu hupotea. Kaseti zangu za Mlimani Park zilirudi zimefunikwa, besi nzito na waimbaji kama wako chumba cha pili. Nilizirudisha, nikaomba ageuze ile skrubu ndogo yenye springi kando ya hedi huku tukisikiliza kwa mono. Bisibisi ilisogea chini ya robo mzunguko. Besi ilibaki palepale, lakini manyanga yakatokea, kisha gitaa la rizimu likajitenga na la solo, na "ch" za mwimbaji zikawa na makali. Kazi hiyo huchukua dakika 2 kwa kila kaseti, na wanatakiwa kuifanya bila kuombwa, mradi mwishoni wairudishe hedi kwenye mkao wake.

Kaseti yenye ukungu, zile alama nyeupe ukingoni mwa mkanda, waoneshe kabla haijaingia kwenye deki. Ukungu hushika hedi na kuhamia kaseti zinazofuata. Chungulia pia kipande cha sponji chini ya mkanda. Gundi yake huachia, na sponji ikidondoka sauti huja na kupotea. Kama kasha lina skrubu, linafunguliwa. Kama limegandishwa kiwandani, mkanda huhamishiwa kasha jingine, na wanajua kuifanya.

Halafu kuna kasi, na hapa hata waliorudisha kazi nzuri wanateleza. Mpira wa mota ukichoka, deki huenda pole au haraka kwa asilimia 2 au 3. Asilimia 6 ni nusu toni, kwa hiyo asilimia 3 inatosha kumfanya mwimbaji asikike si yeye. Hivi ndivyo ninavyopima. Rekodi nyingi za zamani zina mvumo wa umeme uliorekodiwa pamoja na muziki, na umeme wetu ni hezi 50. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua sekunde 2 za ukimya kabla ya wimbo kuanza, kisha tazama spektra, yaani mchoro wa nguvu ya kila masafa, kwa ukubwa wa 65536. Tafuta kilele karibu na hezi 100, mara mbili ya 50, ambako mvumo huo hujitokeza pia, kwa kuwa pale tofauti inaonekana vizuri kuliko kwenye 50. Kikiwa 103, kaseti imekwenda haraka. Punguza kasi nzima kwa asilimia 2.9, usiguse toni peke yake. Usidanganywe na mvumo wa deki yenyewe, ambao hubaki 100 kamili na husikika hata mkanda ukisimama.

Sasa hiyo "kusafisha". Programu inachukua sampuli ya kelele mwanzoni kabisa, kisha inaitoa kwenye wimbo wote. Manyanga, matoazi ya drams na pumzi ya mpiga saksafoni vimo kwenye masafa yaleyale ya kelele, navyo vinaondoka. Kinachobaki ni solo la Rashid Hanzuruni, mpiga gitaa wa Western Jazz, linalosikika limelowa maji. Kubali tu kuondolewa mikwaruzo mikubwa, mmoja mmoja, kwa mkono.

Malipo ni kwa upande, hawahesabu dakika, hivyo kaseti ya dakika 90 ina nafuu kuliko ya 60. Omba WAV, faili la sauti isiyobanwa, ya biti 24 na kilohezi 48; kaseti ya dakika 90 itakuwa kama GB 1.6, nenda na flashi ya kutosha. MP3 tengeneza mwenyewe baadaye. Sikiliza mwisho wa kila faili kabla hujaondoka: kompyuta yao ina betri ya akiba lakini mashine ya santuri haina, umeme ukikatika sauti inazama na kompyuta inaendelea kurekodi.

Walinipa punguzo nikubali wapakie nakala kwenye chaneli yao ya YouTube. Nilikataa na ninakuomba ukatae. Watunzi hawa walirekodi redioni kwa malipo madogo, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtaka mtu apate ridhaa ya mwenye haki. NUTA Jazz ya 1964 ndiyo Msondo Ngoma ya leo, si vigumu kujua pa kuuliza.

Santuri za mizunguko 78, kama za Salum Abdallah na Cuban Marimba, hawapokei, na wamefanya vema kusema ukweli. Zile zinahitaji sindano ya mikroni 76 hivi, na hazioshwi kwa spiriti hata tone, maana spiriti huyeyusha santuri yenyewe. Ni nzito na huvunjika zikianguka, kwa hiyo ukizibeba kwenye daladala zisimamishe wima katikati ya maboksi, usizilaze.