Transfoma ya sauti ya omu 600: kati ya simu za ofisi na spika za ghalani

Ukimuuliza muuzaji kwa nini spika zako za matangazo zinavuma, atakuuzia amplifaya mpya. Nilishaandikiwa na ankara kifani kabisa. Fundi wetu wa simu ndiye aliyenishika mkono: "Dada, amplifaya yako nzima hii. Tafuta transfoma ya sauti." Nikaipata Kariakoo, kisanduku cha bati kinachoenea kiganjani, hakina jina wala nembo, na bei yake haifiki chakula cha mchana cha watu wanne.

Tunauza vipuri vya malori Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Mtambo wa simu uko ofisini mbele, una tundu lake la matangazo. Amplifaya, TOA A-2120 ya wati 120, iko ghalani nyuma na spika nne za tarumbeta za wati 15 kwenye laini ya volti 100. Ukivuta waya kutoka huku hadi kule bila kitu katikati, spika zinatoa mmmm mzito saa zote, hata kama hakuna anayeongea. Huo ni mvumo wa umeme wa ukutani, wa hezi 50. Ofisi ina ethi yake (waya unaopeleka umeme ardhini), ghala lina yake, na waya wa sauti unageuka daraja la umeme mdogo kuzunguka kati ya ethi mbili.

Kisanduku kinakata daraja hilo. Ndani mna koili mbili zisizogusana, omu 600 kila upande, na sauti inavuka kwa usumaku tu. Fundi alipomaliza kukaza skrubu, ule mvumo ulikatika palepale, hadi tukasikia feni ya dari. Sasa mhasibu ananyanyua mkonga, anabonyeza namba ya matangazo, anasema "beringi za nyuma, mteja yuko kaunta," na kijana wa fokolifti anasikia injini ikiwa inanguruma.

Kwenye amplifaya, waya umeingia tundu la AUX, la sauti yenye nguvu zaidi, si tundu la maikrofoni. Huko kwenye maikrofoni sauti ingekwaruza vibaya. Na msitarajie muziki mtamu kupitia simu. Simu ya kawaida hupitisha masafa ya sauti ya hezi 300 hadi 3,400 hivi: maneno yanatoka safi, besi hakuna.

Katika kukipima kisanduku hiki, nyota moja nimeipunguza kwa ajili ya skrubu zake. Ni laini mno, bisibisi inazila, na hakuna kibano cha kushika waya, kwa hiyo mtu akijikwaa waya unachomoka. Sisi tumeufunga kwa vifungo vya plastiki ukutani.

Kama mtambo wako hauna tundu la matangazo na unafikiria kuchukua laini ya simu ya ndani uiunganishe na amplifaya kwa kisanduku hiki, acha. Laini hiyo hubeba volti 48 hivi za DC, na simu ikiita hupanda volti 90 za AC. Hapo unahitaji kifaa kinachopokea simu chenyewe na kukata mpigaji akishusha mkonga, la sivyo ghala zima litasikilizishwa tuu-tuu-tuu mpaka mtu apande ngazi kuzima amplifaya.