WhatsApp kama soko la vitu vilivyotumika: "nipostie" inauza, grupu linachosha

Anayehama nyumba Dar es Salaam na kutaka kuuza friji, kabati na seti ya kochi ana dalali, ana mitandao ya matangazo, ana fremu za wanaonunua vyombo kwa bei ya kutupa, na ana simu yake. Kwa vitu vya ndani simu inashinda. Mnunuzi wa friji lililotumika anaogopa kupigwa. Akisikia ni la shemeji wa rafiki yake, nusu ya woga inaisha kabla hajaliona. Ila WhatsApp haikutengenezwa kuwa soko, na ukiitumia kuuza hilo utaliona haraka.

Tuanze na stetasi. Inakaa saa 24, na kwa kawaida anaiona mtu uliyehifadhi namba yake ambaye naye kahifadhi yako. Hicho kipande cha pili ndicho wauzaji wanachosahau: majina 900 kwenye simu, walioona 140. Kuna pia waliozima tiki za bluu, hao wanaona na hawatokei kwenye orodha, kwa hiyo usihukumu tangazo kwa idadi ya macho. Weka jioni, kati ya saa 1 na saa 3, na siku za mshahara, tarehe 25 hadi tarehe 5 hivi. Katikati ya mwezi utapata "bei gani mwisho?" nyingi na pesa hakuna.

Stetasi yako peke yake haitoshi. Kinachouza ni "naomba unipostie". Chagua watu 8 au 10, lakini wasiwe wa ofisi moja, maana hao wanaonwa na macho yale yale. Mama wa kikoba, kinyozi, mwalimu, katibu wa kwaya, kijana aliyepanga chumba juzi. Kwa friji, wa kwanza awe fundi friji: yeye anajua nani la kwake limekufa wiki hii. Cha juu mkubaliane mapema, kwa mfano 20,000 kwenye 380,000, na kilipwe mzigo ukitoka. Msipokubaliana atajiwekea mwenyewe, mnunuzi atatajiwa 450,000, kisha ataona 380,000 kwenye stetasi ya mtu mwingine, na hapo atawaona nyote matapeli.

Kasoro kubwa ya mfumo huu ni kwamba picha inapotezana na mwenyewe. Mtu anaipakua, anaiposti bila maelezo, na wa tatu anaichukua kwake. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi nao unabanwa, unatumwa kwa mtu mmoja au grupu moja kwa wakati. Dawa ni kuandika juu ya picha yenyewe: bei, mtaa, namba ya simu na tarehe. Tarehe ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu picha ya kochi lililouzwa huendelea kuzunguka na simu zinaendelea kuita. Maelezo yanayotosha ni haya:

"Friji milango 2, lita 210. Limetumika miaka 3, risiti ipo. Friza inagandisha. Mkwaruzo ubavu wa kushoto, droo ya mboga imepasuka. Lipo Tabata, ghorofa ya kwanza. 380,000, maongezi kidogo. Kuchukua mwisho Jumamosi."

Kutaja mkwaruzo kunaokoa nauli ya mtu na mabishano mlangoni. Piga picha mchana, mlango ukiwa wazi na taa ya ndani inawaka, kisha kibandiko cha nyuma chenye modeli, mpira wa mlango kwa karibu, na hiyo kasoro. Juu ya bei yako ya mwisho ongeza asilimia 10 hadi 15 tu. Ukizidisha watu hawapatani, wanapita kimya.

Magrupu ya "nunua uza" yanabeba hadi watu 1,024 na yanachosha kwa kiwango hicho hicho. Tangazo linazama ndani ya dakika chache, na anayekuja hana anayemjua katikati yenu. Grupu la jumuiya au la wazazi wa shule ni dogo lakini linauza zaidi, mradi umwombe admini kwanza. Orodha ya matangazo (broadcast, ujumbe mmoja unaomfikia kila mtu kwake) inachukua watu 256, na asiyehifadhi namba yako haupati ujumbe. WhatsApp Business yenye katalogi ni ya mwenye mzigo wa kila wiki; kwa friji moja usihangaike nayo.

Kwenye malipo ndipo kujuana kunapogeuka mzigo. "Dada, nishikie, mwisho wa mwezi nakumalizia." Kataa kwa upole, au pokea kishika nafasi cha 50,000 chenye siku ya mwisho, na uwaambie wengine wote kwamba aliyetoa kwanza ndiye. Muamala ukiingia usiamini meseji wala skrinishoti. Kwa M-Pesa piga *150*00#, angalia salio, ndipo mzigo utoke. Meseji ya kughushi mara nyingi huja kutoka namba ya kawaida, na maandishi yake yanafanana kabisa na ya kweli.

Kochi, kabati, friji, jiko, meza: vinatoka. Godoro ni gumu, hakuna anayetaka kulalia la mtu anayemjua. Simu inauzika, ila ondoa akaunti zako zote kwanza, la sivyo mnunuzi atarudi nayo imefungwa.

Friji lisafirishwe limesimama kwenye kirikuu. Likilazwa, mafuta ya kompresa yanaingia kwenye mabomba, na likiwashwa papo hapo kompresa inaweza kufa. Anayelaumiwa ni rafiki aliyekupostia. Mtumie mnunuzi meseji kabla gari halijaondoka: lisimame, na kama lililazwa, lisimamishwe na lisiwashwe mpaka saa 24 zipite.