PhET au MIT OpenCourseWare kwa mwalimu wa umeme?

Kwa anayefundisha ufundi umeme VETA Chang'ombe, mimi ningeanza na PhET, majaribio ya kuigiza ya kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Mwanafunzi anaunganisha betri, waya na balbu kwenye skrini. Akipiga shoti, betri inawaka moto palepale, na karakana iko salama. Baadhi ya majaribio yana Kiswahili, na ukishayapakua hayali bando.

MIT OpenCourseWare, masomo ya chuo kikuu cha MIT yaliyowekwa bure mtandaoni, iliyotangazwa 2001, ina kina zaidi: mihadhara, maswali, mitihani. Inamfaa mwanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) aliyeiva kihisabati na kwa Kiingereza, maana haimbembelezi mtu. Video zake ni mlafi wa bando; pakua PDF kwanza. Leseni inaruhusu kunakili na kutafsiri, ila si kwa biashara. Wenye steshenari wanaouza "handauti", mpo?