Scryfall na faili la kanuni za Magic: je, vinamaliza ubishi kwenye meza ya Commander?

Meza ya watu wanne ikisimama kwa ubishi, simu ya kwanza kutolewa mfukoni hufungua Scryfall. Ni tabia nzuri, ila ni nusu ya dawa. Scryfall, tovuti ya kutafutia kadi, inaijua kila kadi ya mchezo wa Magic: The Gathering moja moja, lakini ubishi mwingi wa Commander, mtindo wa Magic wa wachezaji wengi, huzuka pale kadi mbili zinapogongana, au pale wachezaji wasipojua nani anatangulia, nani anachagua na vitu vya aliyetoka vinakwenda wapi. Nusu ya pili ya dawa ni Comprehensive Rules, faili la kanuni zote ambalo Wizards of the Coast hulitoa bure. Tathmini hii inavipima vyote viwili kwa pamoja, kwenye meza ya deki za kadi 100, uhai 40 kwa kila mtu, na hakuna refa.

Tuanze na Scryfall. Ni bure, inafunguka kwenye kivinjari cha simu, na huhitaji kujisajili. Andika jina la kadi kamili ndani ya alama za kunukuu, utangulize alama ya mshangao, mfano !"Rhystic Study", nayo italeta kadi hiyo peke yake. Usisome picha. Soma maandishi yaliyo kando yake: hayo ni maandishi ya Oracle, ndiyo yenye nguvu hata kama kadi iliyo mezani imechapishwa tofauti. Lightning Bolt za zamani zinasema inapiga kiumbe au mchezaji; Oracle, tangu mwaka 2018, inasema shabaha yoyote, kwa hiyo inampiga planeswalker (kadi ya mshirika wa mchezaji) moja kwa moja. Mwenye kadi ya zamani hawezi kujitetea kwa wino wake.

Kadi ikiwa ya Kijapani au Kijerumani, angalia kona ya chini kushoto. Kadi za kawaida za tangu mwaka 2014 zina namba ya kadi na herufi za seti hapo. Andika s: na herufi hizo, kisha cn: na namba, na Oracle ya Kiingereza itatokea. Kwa hili peke yake Scryfall inastahili sifa kubwa. Ina pia orodha ya mitindo ambayo kadi inaruhusiwa, na ni vizuri kuitazama kabla ya kuchanganya deki: Mana Crypt na Jeweled Lotus zilipigwa marufuku kwenye Commander tarehe 23 Septemba 2024, na bado kuna deki zilizopangwa kabla ya hapo.

Chini ya kadi kuna maamuzi mafupi, kila moja na tarehe yake. Hapa ndipo sifa zinapoanza kupungua. Kadi nyingine zina maamuzi kumi, nyingine hazina hata moja. Yanaeleza kadi hiyo yenyewe, na ukitafuta majina ya kadi mbili kwa pamoja hupati jibu la mgongano wao. Wanaokwama hapo hukimbilia majibu ya zamani mtandaoni, na huko kuna mtego. Mfano unaorudi mara kwa mara ni kamanda, yaani kiumbe kinachoongoza deki, anapokufa. Kabla ya katikati ya mwaka 2020, mchezaji aliweza kumpeleka kamanda kwenye eneo lake maalumu nje ya uwanja badala ya kaburini, kwa hiyo hakuhesabiwa kuwa amekufa. Sasa kamanda huingia kaburini kwanza, uwezo wowote unaojiwasha kiumbe kinapokufa hujiwasha, kisha mwenyewe anaweza kumhamisha. Akirudishwa mkononi au ndani ya deki, utaratibu wa kale wa kubadilisha safari yake ungali unatumika. Kanuni ni 903.9a na 903.9b. Jibu lolote la kabla ya 2020 kuhusu jambo hili, lipuuze.

Sasa faili la kanuni. Liko kwenye ukurasa wa kanuni wa tovuti rasmi ya Magic, katika muundo wa PDF, wa Word na wa maandishi matupu. Chukua maandishi matupu: hayafiki megabaiti 2, yanafunguka kwenye simu yoyote, na yanafanya kazi bila bando. PDF ina kurasa zaidi ya 250 na kuitafuta kwa simu ni adhabu. Kosa la wengi ni kutafuta neno. Ukitafuta neno la kawaida kama "dies" utapata mistari isiyo na mwisho. Tafuta namba pamoja na herufi yake, kama 603.3b. Na usishangae orodha ikiruka kutoka k kwenda m: herufi l na o hazitumiki kwa sababu zinafanana na 1 na 0.

Namba chache tu zinabeba mzigo mkubwa wa ubishi wa wachezaji wengi. Ya kwanza ni 101.4, kanuni ya mpangilio: mwenye zamu kwanza, kisha wengine kwa kufuata mwelekeo wa saa. Wengi wanaijua, na wengi wanaitumia kinyume. Tuseme wachezaji wawili wana Blood Artist, ambayo kiumbe kikifa humpunguzia mchezaji aliyelengwa uhai 1 na kumwongezea mwenyewe 1. Mwenye zamu ana uhai 1, na mwenzake ana uhai 1. Kiumbe kinakufa. Mwenye zamu anapiga meza kwamba yeye ni wa kwanza, ameshinda. La. Yeye ni wa kwanza kuweka uwezo wake kwenye staki, rundo la uchawi na uwezo unaosubiri kutatuliwa, na kwenye staki unaoingia mwisho hutatuliwa kwanza. Wa mwenzake unatatuliwa kabla, na mwenye zamu ndiye anayekufa.

Kanuni hiyohiyo ina sura nyingine pale kadi inapomtaka kila mchezaji atoe kafara kiumbe. Hapo hakuna staki ya kupindua. Mwenye zamu anachagua kwanza na kutangaza, anayefuata anachagua akiwa ameshaona, hadi wa nne, halafu viumbe vyote vinaondoka kwa pamoja. Kukaa wa mwisho ni faida halali, na hakuna haja ya kumlaumu aliyeitumia.

Ya pili ni 616, ya pale athari mbili zinapotaka kubadilisha tukio moja, nayo huwauma wenye deki nyekundu. Mchezaji ana Torbran, Thane of Red Fell, anayeongeza madhara 2, na mezani kuna Furnace of Rath, inayozidisha madhara mara mbili. Anampiga mpinzani kwa Lightning Bolt ya 3. Atahesabu 3 jumlisha 2 ni 5, mara mbili ni 10. Lakini anayepanga mfuatano ni anayepigwa, naye atazidisha kwanza: 6, kisha 2, jumla 8. Kwa Doubling Season, inayozidisha kaunta mara mbili, na Hardened Scales, inayoongeza moja, mambo yanageuka, kwa sababu kaunta (alama za kukipa kiumbe nguvu) zinaingia kwenye kiumbe chako na mwenye kiumbe ndiye anayechagua: kaunta 1 inakuwa 2 kwa Scales, kisha 4 kwa Season. Angepanga vingine angepata 3.

Ya tatu ni 800.4a, na hii ndiyo inayonifanya nisiiamini meza inayotegemea Scryfall peke yake, maana chini ya kadi nyingi haipo. Mchezaji akitoka, kadi zote anazozimiliki zinatoka naye, hata zilizo mikononi mwa udhibiti wa mwingine. Athari zilizompa udhibiti wa vitu vya wengine zinakoma. Kilichobaki chini yake kinapelekwa uhamishoni, eneo lililo nje ya uwanja na kaburi. Tofauti ya hatua hizi mbili za mwisho ndiyo inayopotea. Ukiiba kiumbe cha jirani kwa Control Magic kisha ukatoka, Control Magic inaondoka nawe na kiumbe kinamrudia jirani. Ukikifufua kiumbe kutoka kaburi la jirani kwa Reanimate kisha ukatoka, hakirudi kwake. Kinakwenda uhamishoni, kwa sababu kiliingia uwanjani chini yako tangu mwanzo na hakuna athari ya kukoma. Na 104.3a inamruhusu mtu kujitoa wakati wowote, hata katikati ya shambulio linalotaka kumfaidisha mwingine. Meza isiyopenda hilo ikubaliane kabla ya mchezo kwamba mtu ajitoe katika zamu yake tu, staki ikiwa tupu. Ni makubaliano ya meza, na yasidaiwe kuwa kanuni.

Kasoro kubwa kwetu ni lugha. Vyote viwili ni vya Kiingereza, na meza inapoeleza kadi kwa Kiswahili, ubishi huanzia kwenye tafsiri. Tukisema "chagua kiumbe", je, kadi imesema "target" au "choose"? Kiumbe chenye hexproof kinajikinga na ya kwanza kutoka kwa wapinzani, si na ya pili. Tukisema "kirudi kwa mwenyewe", ni anayeimiliki kadi au anayeidhibiti sasa? Kwenye meza ya watu wanne wenye viumbe vya kuibiana, neno hilo moja linaweza kugeuza mchezo. "Mpinzani" bila kusema mmoja au kila mmoja ni hatari ileile. Na kiumbe kilichopelekwa uhamishoni hakijafa, hata tukisema "kimekwisha". Elezaneni kwa Kiswahili, lakini ubishi ukizuka someni mstari wa Oracle kwa sauti, neno kwa neno, kabla ya mtu yeyote kutoa hoja.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Simamisheni kila kitu. Asichote mtu kadi wala kugusa ardhi zake. Mmoja aseme hali ilivyo: zamu ya nani, hatua gani, nini kiko kwenye staki. Mwingine, asiye na maslahi ikiwezekana, asome Oracle ya kila kadi inayohusika. Hapo kesi nyingi zinakwisha, kama zile za Rhystic Study, inayomruhusu mwenyewe kuchota kadi mpinzani akicheza uchawi bila kulipa mana 1 (nguvu ya kulipia uchawi): uwezo wake hutatuliwa kabla ya uchawi uliouwasha, na mana hiyo hulipwa wakati huo, kwa hiyo hakuna kulipia baadaye, na mwenye kadi ndiye mwenye wajibu wa kuikumbuka. Zisipokwisha, fungueni namba kwenye faili. Dakika 5 zikipita bila jibu, amueni kwa kura, endeleeni, na muitafute kanuni baada ya mchezo. Kurudisha mchezo nyuma kunafaa kama kosa ni la sasa hivi na hakuna kadi iliyochotwa. Siri ikishafunuka, acheni palipo. Wala msimpe kazi hii roboti wa mazungumzo wa akili mnemba: huweza kuandika namba ya kanuni kwa uhakika kamili huku maneno yaliyo chini yake si ya kanuni hiyo.

Kwa kumaliza ubishi wa kadi moja, Scryfall naipa 5 kati ya 5. Kwa ubishi wa meza nzima naipa 2, na faili la kanuni 4. Moja lililopungua ni kwa ajili ya Kiingereza chake cha kisheria. Faili hutolewa upya seti mpya zinapotoka, na tarehe ya kuanza kutumika iko juu kabisa. Itazameni kabla ya kunukuu. Faili la kabla ya Foundations, seti ya Novemba 2024, bado linamtaka mshambuliaji apange mfuatano wa viumbe vinavyomzuia na kukipa cha kwanza madhara ya kukiua kabla ya kugusa cha pili. Mpango huo umefutwa: sasa anagawa madhara anavyotaka, na hagawi mpaka hatua ya madhara ifike. Aliyeokoa kiumbe chake kwa kunukuu faili la zamani amekiokoa isivyo halali.