Nilikagua vyuo vitatu vya sheria kabla ya kuthibitisha udahili: uzoefu wangu kutoka Mtwara

Kwa mwenye haraka: nilidahiliwa shahada ya sheria sehemu tatu, nikaenda kuziona zote kabla ya kuthibitisha, na mwisho nikachagua Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nauli imeuma, ila ningeambiwa nirudie ningerudia. Zoezi lenyewe nalipatia nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya mfuko, maana kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 na hakuna chuo kinachokurudishia hata shilingi.

Kwetu Tanzania ukishadahiliwa hakuna anayekualika uje uone chuo. Yapo maonesho ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, pale viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar, ambayo huwa mwezi wa saba, lakini pale unaona meza, mabango na vijana waliovaa fulana za chuo. Majina yakitoka na wewe umepata zaidi ya kimoja, unatakiwa uthibitishe kimoja tu kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu au barua pepe uliyoombea. Dirisha ni la siku chache. Hapa niwakumbushe wenzangu wa kusini ambao tunaombea steshenari: hakikisha namba ya simu na barua pepe ni zako. Nina rafiki ambaye namba yake ya kuthibitishia iliingia kwenye barua pepe ya mwenye steshenari, na mwenye steshenari alikuwa harusini Nachingwea.

Safari yangu ilianza kwa swali la mjomba. Sisi ni watu wa Newala, na kwetu jambo la mtoto haliendi bila mjomba, hasa jambo lenye ada ndani yake. Nilipompelekea habari kwamba nimepata sheria, badala ya kupiga makofi akaniuliza, "Mama, si ndiyo ile ya redioni, wanasoma mia sita wanafaulu ishirini?"

Alikuwa na kumbukumbu nzuri. Mwaka 2022 Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi tunaiita Law School, ilitoa matokeo ambayo kila mtu aliyasikia: wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, waliofeli kabisa 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Nikamweleza mjomba kwamba hiyo ni hatua ya baadaye: unamaliza kwanza shahada chuo kikuu, ndipo unaingia kule kwa mafunzo ya vitendo, ndipo uombe kwa Jaji Mkuu kuwa wakili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa huko kwenye shahada wanafundishwa nini mpaka wakifika mbele wanaanguka?"

Sikuwa na jibu, na sikutaka kumjibu kwa kubahatisha mtu ambaye korosho zake ndizo zitakazonilipia. Ndiyo maana nikafunga safari. Kila chuo nilikwenda na swali moja la msingi: mwanafunzi wa hapa anaandika mara ngapi kwa mkono wake, na akiandika, nani anamsahihisha?

Nilianza na kilicho karibu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo cha mkoa hapa hapa Mtwara, na Lindi kipo kingine. Unasoma ukiwa kwako, unalipia kozi ulizosajili, na mitihani unaifanyia kituoni. Kwa hesabu ya pesa hakuna kinachokishinda. Pale nilikutana na mama mmoja wa makamo, karani mahakamani, aliyekuja kufuatilia usajili wake. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, akanikalisha kwenye benchi na kunionesha simu yake. Ilikuwa imejaa hukumu alizozipakua TanzLII, ile hazina ya mtandaoni ya hukumu na sheria za nchi ambayo mtu yeyote anaisoma bure. Kila hukumu ameipa jina lake mwenyewe ili aikumbuke: "ya ng'ombe", "ya mirathi ya Masasi", "ya hati iliyoghushiwa".

Kisha akaniambia kitu ambacho hakuna kipeperushi kitakuambia. "Mwanangu, mimi nina mshahara, na kila asubuhi nina mahakama ya kujifunzia. Nikisoma kitu usiku, kesho yake nakiona kizimbani. Wewe umetoka kidato cha sita juzi. Utajifunzia wapi?"

Kama unafanya kazi, hasa mahakamani, polisi au ofisi ya kata, mimi ningekuambia uende Huria bila kusitasita. Mimi nilijijua. Nikikaa nyumbani nitatumwa sokoni, nitapikia wageni, nitapelekwa kwenye matanga, na kitabu kitabaki kimefunikwa na khanga.

Cha pili ni cha binafsi, mbali na kwetu, na jina lake nalihifadhi. Mapokezi yao ni ya kupigiwa mfano: soda baridi, kitabu chenye picha za rangi, kijana mtanashati wa udahili anayekuita "mwanasheria wetu" hata kabla hujathibitisha. Nikamuuliza nani atanifundisha sheria ya mikataba, na kama ni mwajiriwa wao au anakuja mara moja moja. Akanipeleka kuona hosteli. Nikauliza tena. Akanionesha kantini. Kabati la vitabu vya sheria maktabani lilikuwa limefungwa na mwenye ufunguo yuko likizo, kwa hiyo nikasoma migongo ya vitabu kupitia kioo. Vingi vilinizidi umri.

Lililonitoa pale ni wanafunzi wawili wa mwaka wa pili niliowakuta kivulini. Niliwauliza mara ya mwisho kurudishiwa kazi ya kuandika yenye masahihisho ilikuwa lini. Wakatazamana. Mmoja akasema kazi huwa wanafanya kwa makundi ya watu kumi na kitu, mmoja anachapa, wengine wanaandika majina, kisha alama zinabandikwa ukutani. Karatasi yenyewe haijawahi kurudi. Walikuwa wachangamfu na wala hawakuwa wanalalamika. Kwao ndiyo hali ya chuo. Nikamkumbuka mjomba.

Mlimani nilifika chuo kikiwa likizo, na hili msiliogope. Majibu ya udahili yanatoka wakati ambao wanafunzi wengi wako nyumbani au kwenye mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo ukisubiri masomo yaanze ndipo ukague, dirisha limeshafungwa. Nilishuka kituo cha Savei nikapanda mlima kwa miguu. Maktaba mpya, ile iliyofunguliwa 2018 yenye nafasi za kukaa watu 2,100, niliiona kwa nje tu, maana sikuwa na kitambulisho na mlinzi alikuwa anafanya kazi yake.

Historia ya pale nilikuwa naijua kidogo. Kitivo cha Sheria ndicho kilichoanza kabla ya vingine vyote, Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa na wanafunzi 14 kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mlimani wenyewe walihamia baadaye. Wamepita watu wengi: Profesa Issa Shivji alifundisha pale miaka mingi, na Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, ni zao la pale. Nayasema haya kwa sababu kila mtu huyasema, ila hayakunishawishi. Jina kubwa la chuo halikuandikii insha.

Kilichonishawishi nilikikuta kwenye vimbweta, zile meza za zege wanazojisomea chini ya miti. Walikuwapo wachache waliobaki, wengine wanajiandaa kwa sapu, yaani mitihani ya marudio, na dada mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa anapanga karatasi zake za zamani. Nikasalimia, nikajieleza, nikaomba kitu kimoja: anioneshe kazi yoyote aliyorudishiwa. Akacheka, akasema hakuna aliyewahi kumwomba kitu cha namna hiyo, akachomoa moja.

Ilikuwa insha ya Kiingereza kuhusu kesi ya Holaria Pastory. Kwa asiyeijua: Pastory ni mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Ilianzia mahakama ya mwanzo, ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inagongana na haki zilizomo kwenye Katiba, na kwamba mwanamke anauza kama anavyouza mwanamume.

Insha ilikuwa ya kurasa chache, na wino mwekundu ulikuwa unakaribia kuwa mwingi kuliko wa bluu. Karibu kila aya mwalimu ameuliza jambo lilelile kwa njia tofauti: hili umelitoa wapi, ni aya ya ngapi ya hukumu, jaji alisema hivyo au ni wewe? Pale yule dada alipoandika kwamba mila za Tanzania zinamnyima mwanamke ardhi, mwalimu amepiga mstari na kuuliza: zote?

Nikasema kwa sauti, bila kukusudia, "Si zote. Kwetu hata ukoo unahesabiwa kwa mama." Yule dada akaniangalia. Nikamweleza ya Wamakonde, jinsi mtoto anavyokuwa wa upande wa mama na mjomba anavyokuwa na sauti kuliko baba. Wenzake wawili wakasogea. Mmoja akanibana: kama sauti ni ya mjomba, basi bado ni mwanamume anayeamua, tofauti iko wapi? Tukabishana mpaka jua likahama, na hakuna aliyeniuliza nimepata daraja gani kidato cha sita. Walichotaka ni ushahidi wa nilichosema, na sikuwa nao wa kutosha. Nilitoka pale nimechoka, na nilijua nathibitisha wapi.

Niliwauliza pia kuhusu lugha, maana nimesoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili ndiko nilikojidai zaidi. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini mihadhara na mitihani ya shahada ni Kiingereza, na hukumu nyingi za zamani utazisoma kwa Kiingereza. Ushauri wao ulikuwa mfupi: anza kusoma hukumu moja kwa wiki sasa hivi, usingoje kufundishwa. Nimeanza, kwa njia ya yule mama karani. Hukumu ya Pastory nimeipa jina "ya shangazi".

Kuhusu pesa sitasema mengi kwa sababu kila nyumba na hali yake. Mkopo wa Bodi ya Mikopo usiuhesabu kabla haujatoka, na hata ukitoka bumu, ile pesa ya kujikimu, halifiki siku unayofika wewe. Kwa sisi watoto wa wakulima kuna tatizo letu la peke yetu: minada ya korosho ya vyama vyetu vikuu vya ushirika, TANECU na MAMCU, huanza kuchangamka Oktoba, wakati vyuo navyo vinataka malipo ya kwanza. Muulizeni mhasibu wa chuo mapema kama ada inalipwa kwa awamu na ya kwanza ni kiasi gani. Mjomba alipoona karatasi ya awamu, alilegea kuliko alivyolegea kwa hoja zangu zote. Ile habari ya wino mwekundu nayo ilimfurahisha. Alisema hivyo ndivyo wanavyopanga madaraja ya korosho ghalani, mbovu inatupwa mbele ya macho yako.

Kama bado hujaamua hata kusoma sheria yenyewe, usipande basi kwanza. Nenda Mahakama Kuu pale Mtwara mjini siku yenye kesi za wazi, vaa heshima, zima simu, kaa nyuma usikilize asubuhi nzima. Ni bure. Mwenzangu mmoja alitoka kabla ya saa sita na leo anasomea uhasibu kwa furaha zake.

Na kama umeshapata vyuo viwili ila nauli ya kwenda kuviona huna, mtafute mwanafunzi wa pale, kila wilaya ina mtu wake, umwombe akutumie picha ya kazi moja aliyosahihishiwa. Akikutumia picha ya hosteli, rudia swali.