Uzoefu wangu wa kukagua lami kwa picha za setilaiti na droni

Swali la kwanza ninaloulizwa nikisema ninakagua barabara kwa picha za angani ni hili: nyufa zinaonekana? Inategemea picha yenyewe, na hapo ndipo watu wengi wanapouziwa matumaini.

Nilianza na Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, kwa sababu picha zake ni za bure. Pikseli yake, yaani kidoti kimoja cha picha, iliyo bora kabisa ni mita 10 kwa mita 10. Lami ya njia mbili kwa kawaida haifiki upana huo, kwa hiyo pikseli moja inameza lami, bega la barabara na majani ya kando, vyote pamoja. Inafaa kujua mafuriko yamefika wapi au kipande kipi kimejengwa upya. Kwa hali ya lami yenyewe, usijisumbue nayo.

Picha za kulipia ni habari nyingine. Setilaiti ya WorldView-3, iliyorushwa mwaka 2014, inafikia pikseli ya sentimita 31 hivi. Mashimo makubwa, viraka na kingo zilizomegeka vinaonekana. Lakini kilichonifaa zaidi ni rangi. Lami mpya ni nyeusi tii. Jua na hewa vikishaikausha, ule utando juu ya kokoto unalika, kokoto zinachungulia, na barabara inapauka. Ukiutazama mtandao mzima wa barabara kwa pamoja, vipande vilivyozeeka vinajitenga vyenyewe. Kazi hiyo kwa gari ingekula muda mwingi sana, na naipenda kwa dhati.

Ila rangi inataka akili. Vumbi hupausha lami nzima, na mvua ya jana huifanya ionekane changa. Lami iliyopasuka vibaya nayo hurudi kuwa na weusi kidogo, kwa kuwa kila ufa una kivuli chake. Barabara ya zege huenda kinyume kabisa: huanza nyeupe, kisha hufifia kwa uchafu na mpira wa matairi. Anayekuletea ramani ya rangi bila kutenganisha lami na zege, mrudishie.

Kwa nyufa, natumia droni. Ikiruka mita 30 hivi kutoka chini, pikseli inashuka hadi karibu sentimita 1. Hapo naona nyufa zilizosukana kama wavu kwenye mapito ya magurudumu, dalili kwamba tabaka za chini zimechoka na kuziba juu juu hakutasaidia. Ufa mmoja mrefu katikati, kwenye maungio ya lami, si tishio la namna hiyo. Ukizibwa mapema maji hayaingii. Nyufa nyembamba za milimita moja mbili bado hunipita mara nyingi.

Kisichonipa imani ni kina. Bonde la magurudumu la milimita 10 ni kubwa kwa dereva, hasa likijaa maji, lakini hupotelea ndani ya makosa ya kawaida ya vipimo vya mwinuko vitokanavyo na picha. Hapo bado nalaza rula ndefu barabarani, au naomba gari linalopima uso wa barabara kwa leza.

Jambo la mwisho kwa anayetaka kununua: setilaiti nyingi za picha hupita mnamo saa nne na nusu asubuhi, miti ikiwa bado imelaza vivuli juu ya lami. Omba kwanza sampuli ya barabara yenye miti unayoifahamu vizuri, uone ni kiasi gani cha lami kinabaki wazi.